Jinsi ya kusoma vimeng'enya ambavyo bakteria wa hospitali wanatumia kuikwepa kinga ya mwili, bila kukariri jedwali

Watu wengi wakifika kwenye hii mada wanachukua jedwali refu la vimeng'enya (enzaimu, protini zinazoendesha kazi za kikemia), majina karibu yote yanafanana mwishoni, wanakariri usiku kucha, mtihani ukipita tu hakuna kilichobaki kichwani. Mi nashauri hilo jedwali uligeuze. Usianze na mdudu, yaani bakteria, anza na mwili. Jiulize kinga inampiga bakteria kwa silaha gani, halafu kwa kila silaha uliza huyu bakteria anaiharibu kwa kitu gani. Ukienda hivo vimeng'enya vinajipanga vyenyewe, na hata ukisahau jina bado unajua kazi yake, na kazi ndo itakayokusaidia ukiwa wodini au maabara, jina unaweza kulitafuta baadae.

Kwa hiyo chukua karatasi, ilaze, chora safu tatu. Ya kwanza silaha ya mwili, ya pili kimeng'enya kinachoijibu, ya tatu mdudu anayekimiliki. Tutaijaza tukienda.

Kabla ya kujaza, hakikisha unajua tunamzungumzia nani. Maambukizi ya hospitali kwa kawaida tunahesabu yale yanayoanza kuanzia saa 48 baada ya mgonjwa kulazwa, na wakati anaingia hakuwa nayo. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilisema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 kwenye nchi tajiri na 15 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata angalau ambukizi moja wakiwa humohumo hospitali. Na wengi wa hawa wadudu si majitu ya kutisha. Staphylococcus aureus, ambaye hapa ntamwita stafi, anakaa puani kwa karibu theluthi moja ya watu na hawana habari naye. Pseudomonas aeruginosa yupo kwenye masinki na mabomba, mtu mwenye afya zake anamnawia mikono kila siku na hapati kitu. Tatizo linaanza pale ngozi inapotobolewa na kanula (kimrija cha mshipani), au mpira wa mkojo unapokaa siku nyingi, au bomba la kupumulia linapopita kooni na kuruka ulinzi wote wa njia ya hewa. Hapo mdudu anakutana na kinga ya ndani ana kwa ana, na hapo ndipo vimeng'enya vinaanza kuwa na maana.

Kitu kingine cha kukiweka sawa mapema, maana nakiona kinachanganya watu kila mara. Kuna vimeng'enya vya kupambana na dawa na kuna vya kupambana na kinga. Beta-laktamesi, ile inayovunja penisilini na ndugu zake, ni ya dawa. Watafiti Abraham na Chain waliiripoti 1940, kabla penisilini haijaanza hata kusambazwa kwa wagonjwa. Ni muhimu sana lakini HAIINGII kwenye karatasi yetu, kwa sababu seli nyeupe hazitumii penisilini. Mdudu anaweza kuwa sugu kwa dawa zote na bado akawa mnyonge mbele ya kinga, na anaweza kufa kwa dawa ya kawaida kabisa lakini kinga ikamshindwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, ukiyachanganya kila kitu kitakuchanganya kuanzia hapo.

Haya tuanze kujaza, na tufuate mpangilio wa mapigano yenyewe yanavyokwenda.

Silaha ya kwanza ni laisozaimu, ipo kwenye machozi, mate, kamasi na ndani ya seli nyeupe. Fleming ndo aliyeigundua, 1922, miaka sita kabla ya ile penisilini yake. Kazi yake ni kukata ukuta wa bakteria kwenye viungo vya sukari. Stafi ana kimeng'enya kinaitwa OatA ambacho kinabandika kipande cha asetili kwenye ile sukari ya ukuta, palepale karibu na panapokatwa, kwa hiyo laisozaimu ikija haipati pa kushika. Ona hiyo, hajaivunja silaha, amebadilisha ngozi yake mwenyewe. Andika safu ya kwanza laisozaimu, ya pili OatA, ya tatu stafi.

Ya pili ni defensini, vile vijiprotini vyenye chaji chanya vinavyovutwa na uso wa bakteria wenye chaji hasi kisha vinatoboa utando. Stafi anajibu kwa mtindo uleule wa kubadilisha ngozi. Kimeng'enya MprF kinaongeza laisini kwenye mafuta ya utando, na kundi la Dlt linaongeza alanini kwenye ukuta, yote mawili yanapunguza ile chaji hasi na defensini inasukumwa badala ya kuvutwa. Hapa usikae sana, wazo ni hilohilo.

Ya tatu ni komplimenti na kingamwili, zile protini zenye umbo la Y zinazomshika mdudu, na hapa ndo panapoanza ukataji wa kweli. Komplimenti ni protini za kwenye damu zinazombandikia bakteria alama ili seli nyeupe zimtambue na kummeza, na alama kuu ni C3 baada ya kukatwa vizuri na mwili. Sasa wadudu wengi wana protiesi (vimeng'enya vya kukata protini) zinazoiwahi hiyo C3 na kuikata vibaya, ikawa haina kazi tena. Stafi ana aureolisini. Pseudomonas ana elastesi, inayojulikana kama LasB. Enterococcus faecalis ana gelatinesi, ndo ileile inayoyeyusha jelatini kwenye testi tyubu maabara. Yaani ile jelatini kuwa maji mbele ya macho yako ndo ishara ya mkasi unaoweza kukata C3 kwenye damu ya mgonjwa. Kwenye kingamwili, stafi ana protiesi ya V8 inayokata IgG (kingamwili kuu ya kwenye damu), na Proteus mirabilis wa kwenye mipira ya mkojo ana ZapA inayokata IgA (ile ya kwenye kamasi) na IgG.

Mfano mzuri kuliko yote wa ukataji wa kingamwili si wa mdudu wa hospitali hasa, ni wa Streptococcus pyogenes, ila nautaja kwa sababu ukiuelewa hutasahau. Ana kimeng'enya kinaitwa IdeS kinachokata IgG pale kwenye bawaba, katikati, mikono inabaki huku mguu kule, na seli nyeupe hazina tena cha kushika. Kinafanya kazi safi kiasi kwamba wataalamu wamekigeuza dawa, inaitwa imlifidase, na Ulaya iliikubali kwa masharti 2020 kwa wagonjwa wanaosubiri figo ambao damu yao imejaa kingamwili dhidi ya figo za watu wengine. Silaha ya bakteria inatumika kumtuliza mgonjwa kinga yake ili apokee kiungo, hiyo mi naipenda sana.

Ya nne, seli nyeupe yenyewe imefika. Neutrofili, seli nyeupe inayowahi kufika, inammeza mdudu, inamfungia kwenye kifuko na kummwagia kemikali kali za oksijeni, inaanza na supa-oksaidi, inakuwa haidrojeni peroksaidi, halafu kimeng'enya cha mwili kinaitumia hiyo peroksaidi kutengeneza asidi ya klorini (haipoklorasi) ya aina ileile iliyopo kwenye dawa za kuondoa madoa. Stafi anajibu hatua kwa hatua, supa-oksaidi anaishughulikia kwa dismutesi, peroksaidi anaivunja kwa katalesi ikawa maji na oksijeni, na juu ya hapo ana ile rangi ya dhahabu inayompa jina lake la aureus, nayo inatengenezwa na vimeng'enya na inanyonya ukali wa oksijeni. Kwa hiyo zile koloni (vishada vya bakteria) za njano unazoziona kwenye sahani si urembo.

Sasa hapa simama uende benchi la maabara, maana hii ndo unaweza kuiona kwa macho. Weka tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi safi, chukua koloni kwa kijiti cha mbao, gusisha. Povu likitoka palepale, katalesi ipo, na kama ni bakteria wa duara wa Gram chanya (wanaoshika rangi ya zambarau) fikiria stafi na jamaa zake. Lisipotoka, fikiria streptokokasi au enterokokasi. Usitumie kitanzi cha chuma chenye nikeli, kinaweza kutoa povu chenyewe ukadanganyika. Na ukichota koloni kutoka kwenye aga (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya damu chota juujuu tu, usichimbe, kwa sababu seli nyekundu nazo zina katalesi yao na zitakupa povu ambalo halina uhusiano wowote na mdudu wako. Peroksaidi ikikaa inachoka, kwa hiyo kila siku jaribu kwanza na mdudu unayemjua kabla hujaamini jibu lolote.

Ila usilitegemee hilo povu kupita kiasi. Vitabu vingi vinasema watoto wanaozaliwa na hitilafu ambapo seli nyeupe haziwezi kutengeneza hizo oksijeni kali wanasumbuliwa na wadudu wenye katalesi, kisha wanaelezea kwamba ni katalesi inayovunja kile kiperoksaidi kidogo ambacho mdudu mwenyewe anakitoa na ambacho seli ingekitumia kumuua. Maelezo matamu, yanakaa vizuri kwenye mtihani, lakini stafi waliotolewa katalesi walipowekwa kwenye panya wenye hitilafu hiyohiyo waliendelea kuwa wakali vilevile. Kwa hiyo katalesi iandike kwenye safu ya pili, weka na alama ya kuuliza pembeni.

Ya tano ndo tamu kuliko zote. 2004 kundi la mtafiti Zychlinsky pale Berlin lilionyesha kwamba neutrofili ikizidiwa inaweza kutema DNA yake yenyewe nje, ikawa wavu wenye protini za kuua, bakteria wananasa humo. Ukiwaza ni silaha nzito. Lakini stafi ana nukliesi, na nukliesi kazi yake ni kukata DNA, basi anaukata wavu na kutoka. Na haishii hapo. Ana kimeng'enya kingine kwenye ukuta wake, AdsA, kinachochukua vipande vya ule wavu uliokatwa na kuvigeuza deoksiadenosini, na hiyo ni sumu kwa makrofaji, seli nyingine za kinga zinazomeza bakteria. Utafiti wa 2013 ulionyesha hiki ndo kinachosaidia kuwazuia makrofaji wasiingie katikati ya jipu. Rudia kusoma hiyo taratibu: mwili umetema wavu kumkamata, yeye ameukata, halafu mabaki ya wavu ameyageuza kuwa sumu ya kuua seli zinazokuja kusaidia. Ukiulizwa swali moja tu kuhusu mada hii, jibu kwa huo mfano.

Nukliesi nayo inaonekana benchi. Otesha mdudu kwenye aga yenye DNA, usiku mmoja, kesho yake mwagia asidi ya haidrokloriki. DNA nzima inaganda na kuwa nyeupe kama ukungu, na pale ilipokatwa panabaki bila ukungu kabisa kuzunguka koloni, unaona duara safi. Hiyo duara ndo wavu uliokatwa.

Ya sita ni damu kuganda, na hapa stafi anafanya kinyume, hakati, anajenga. Koagulesi inaichukua prothrombini ya mgonjwa, protini ya kugandisha damu, na kuiwasha. Hapa wengi wanakosea, wanadhani koagulesi inaikata prothrombini kama mwili unavyofanya. Hapana, inajichomeka tu ndani yake na prothrombini inaanza kufanya kazi bila kukatwa, fibrinojeni ya damu inakuwa fibrini, zile nyuzi za donge. Ukiwa mkali wa maneno unaweza kusema koagulesi yenyewe si kimeng'enya, inateka kimeng'enya cha mwenye mwili, na utakuwa sahihi. Matokeo ni kwamba mdudu anajizungushia ukuta wa fibrini katikati ya jipu, neutrofili zinajaa nje haziwezi kupenya. Baadae akitaka kusambaa anatoa stafilokinesi, inayowasha plazminojeni ya mgonjwa hukohuko iwe plazmini, kiyeyusha madonge, ukuta unayeyuka. Na hiyo plazmini ikiwa juu ya mgongo wa bakteria inakata pia IgG na C3b zilizokuwa zimeshabandikwa. Mistari miwili kwa mpigo.

Unaweza kujiuliza mbona anajenga halafu anabomoa, si anajisumbua? Hafanyi vyote kwa wakati mmoja. Bakteria wanahesabiana, kila mmoja anatoa kijimolekuli, kijimolekuli kikijaa wanajua wamekuwa wengi na wanabadilisha kazi. Stafi wakiwa wachache wanatoa koagulesi na vitu vya kujishikiza, wakiwa wengi wanapunguza hivyo na kumwaga protiesi na stafilokinesi. LasB ya Pseudomonas nayo inasubiri idadi ifike. Kwa hiyo kwenye karatasi yako pembeni ya kila kimeng'enya andika "mapema" au "baadae", itakusaidia kuelewa kwa nini jipu linakaa kimya siku kadhaa kisha ghafla mgonjwa anapanda homa kali.

Kipimo cha koagulesi cha tyubu kinaonyesha mchezo wote huo wa kujenga na kubomoa. Unaweka nusu mililita ya plazma ya sungura iliyopunguzwa makali, unatia koloni kadhaa, unaweka inkubeta ya nyuzi 35 mpaka 37. Angalia kila nusu saa mpaka saa nne zitimie, na unaangalia kwa kulaza tyubu TARATIBU. Usitikise. Ukitikisa unavunja donge ambalo bado changa na utaandika hasi kwa mgonjwa ambaye ana stafi kweli. Donge lolote hata dogo ni chanya. Kama saa nne zimepita na bado ni maji, liache mpaka saa 24 ndo uandike hasi. Lakini usifanye ule uvivu wa kuweka jioni na kuja kusoma asubuhi tu, kwa sababu stafi mwenye stafilokinesi nyingi anaweza kugandisha usiku na kuyeyusha kabla hujafika kazini, unakuta maji, unaandika hasi. Mdudu amekwepa kinga na wewe amekukwepa.

Plazma yenyewe chagua iliyowekwa EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Yenye sitreti, kizuizi kingine kinachoshika kalsiamu, ina shida, kuna wadudu kama enterokokasi wanaweza kuila ile sitreti, kalsiamu inaachiwa, plazma inaganda bila koagulesi yoyote. Na kile kipimo cha haraka cha slaidi, cha kuangalia kama wanashikana ndani ya sekunde 10 hivi, hakipimi koagulesi hii, kinapima protini ya juu ya ukuta inayoshika fibrinojeni, ndo maana Staphylococcus lugdunensis anaweza kuwa chanya kwenye slaidi na hasi kwenye tyubu.

Pseudomonas mpe mstari wake peke yake kwa sababu ana tabia ya kuzima kengele kabla ya kupigana. Ana mkia wa kuogelea, na seli za mwili zinautambua ule mkia ukishamegeka vipande. Basi anatoa protiesi ya alkali, AprA, inavila vile vipande vilivyomegeka kabla havijatambuliwa. LasB kwa upande wake inakata elastini ya mapafu na mishipa, inakata protini za mapafu zinazosaidia kumkamata, inakata hadi ujumbe ambao seli zinatumiana kuitana. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia ndo mahali pake.

Proteus ana yuriesi, inayogeuza yurea ya mkojo kuwa amonia, mkojo unapanda ualkali, chumvi zinaganda kuwa mawe na ganda gumu ndani ya mpira. Hii haikati kinga moja kwa moja lakini inamjengea nyumba ambayo neutrofili haziingii, dawa nazo zinahangaika. Ukiona mpira unaziba kila mara na mkojo una harufu kali ya amonia, mfikirie yeye mapema. Kumpa dawa huku ule mpira wa zamani uko palepale ni kujisumbua, mpira utolewe au ubadilishwe. Kwa jipu ni hivohivo, ule ukuta wa fibrini unaeleza kwa nini usaha lazima utolewe, dawa peke yake mara nyingi haifiki kule ndani vya kutosha.

Karatasi ikishajaa, rudi na kalamu nyekundu na uandike pembeni vitu ambavyo vinakwepa kinga lakini si vimeng'enya. Protini A ya stafi inashika kingamwili kwa mguu, kichwa chini, na haikati chochote. Staphylococcus epidermidis hana koagulesi wala ukali mwingi, lakini ni maarufu kwenye kanula na vali za moyo za bandia kwa sababu anajifunika utando mzito wa kunata. Watu wanamdharau kwa kuwa koagulesi ni hasi, halafu anaota kwenye chupa mbili za kuoteshea damu za mgonjwa mmoja zilizochukuliwa sehemu mbili tofauti na bado kuna mtu anaandika ni uchafu wa ngozi. Chupa moja, sawa, inaweza kuwa uchafu. Mbili na mgonjwa ana laini kwenye mshipa mkubwa wa damu na homa, piga simu wodini.

Pia utaona stafi anatokea kwenye karibu kila mstari, tena kwa baadhi ya silaha ana majibu mawili au matatu. Hiyo inakueleza kwa nini kuziba kimeng'enya kimoja tu hakujatupa tiba, na kwa nini chanjo zake zilizofika majaribio makubwa ya binadamu zimeanguka mpaka sasa. Ukifunga mlango mmoja anao mwingine.

Zoezi la kujipima, chukua Klebsiella pneumoniae ujaze mwenyewe. Katalesi anayo, weka. Yuriesi anayo, weka. Halafu utatafuta protiesi za kukata C3 na kingamwili kama za stafi na utaona safu zinabaki wazi, maana huyu anategemea zaidi koti lake nene la sukari linaloizuia komplimenti isifike kwenye utando. Usilazimishe kujaza, ziache wazi, na pembeni kwa ile kalamu nyekundu andika koti.